Risasi iliyookotwa shambani: kwa nini usiigonge, usiisukume, usiitie kwenye moto

Mama mmoja wa kartie yetu alituletea swali hapa kwenye redio. Mutoto wake wa miaka tisa alirudi nyumbani na risasi tatu mfukoni, zote nzima. Moja kichwa chake kilikuwa kimezama ndani ya ganda. Mutoto alikuwa anaigonga na jiwe ili abakie na ganda, juu wanunuzi wa vyuma wanalipa shaba kwa kilo. Mama akauliza: "Bila bunduki, kitu hiki kinaweza kufanya nini?"

Tangu mapigano ya mwezi wa kwanza 2025 hapa Goma na pembeni yake, swali hili si la mama mmoja.

Risasi nzima iko na vitu vinne: ganda, baruti ndani yake, kichwa kinachoruka, na kiwashio kidogo kwenye kitako. Kiwashio kikipigwa, kinatoa moto, na baruti inawaka. Haiwaki kama kuni. Inageuka kuwa hewa ya moto mara moja, na hewa hiyo inatafuta pa kutokea. Ndani ya AK, mugandamizo unaweza kupita mara 3.000 ule wa hewa tunayopumua. Gurudumu la motari linabeba karibu mara mbili tu! Ni nguvu hiyo inatupa kichwa cha gramu 8 kwa mwendo wa karibu metre 700 kwa sekunde moja.

Sasa, nani anashika mugandamizo huo? Si ganda. Ganda ni jembamba, linavimba na kuegemea ukuta mnene wa chuma wa bunduki. Ukitupa risasi kwenye mbabula, ukuta haupo. Ganda linapasuka, na kichwa hakiendi na nguvu ile ya bunduki. Lakini vipande vya ganda na kiwashio vinaruka, na vinatosha kutoboa jicho la mutoto aliyeinama anapuliza makala. Kugonga kitako na jiwe ao musumari ni kufanya kazi ileile ya bunduki, ila mukono wako ndio unakuwa ukuta.

Turudi kwa ile risasi yenye kichwa kilichozama. Wengine wanafikiri hiyo imekufa. Kumbe ni kinyume. Kule Marekani na Ulaya kuna wawindaji na washindani wa shabaha wanaojaza masasi yao wenyewe kwa mukono, na wanapima kina cha kichwa kwa sehemu ndogo za milimetre. Sababu ni hii: kichwa kikiingia ndani zaidi, nafasi ya baruti inapungua. Mugandamizo unapanda mbio, na baruti ya bunduki iko na tabia mbaya: ikibanwa zaidi, inawaka mbio zaidi, na hapo inabana tena zaidi. Kwenye masasi madogo ya bastola, ambayo nafasi yake ni ndogo tangu mwanzo, kichwa kurudi nyuma kidogo tu kunaweza kupasua silaha mkononi. Na mwendo? Unaongezeka kidogo tu. Hatari inapanda sana kuliko faida.

Hata kukiacha nje sana si dawa. Kichwa kikigusa mifereji ya ndani ya mututu kabla ya kuanza safari, kinakosa nafasi ya kujisogeza, na mugandamizo unapanda vilevile.

Kwa hiyo risasi iliyokanyagwa na gari, iliyopigwa jiwe, ao iliyolala kwenye mvua, hakuna mutu anaweza kuiangalia kwa macho na kusema itafanya nini.

Na jambo moja linaloniuma: masasi mengi ya AK ganda lake hata si shaba. Ni chuma kilichopakwa rangi ao ngozi nyembamba ya shaba. Sumaku inalikamata. Mutoto anaweza kupoteza vidole kwa kitu ambacho munuzi atakitupa kando.

Mama tulimuambia asizirudishe shambani kwa mukono, na asizitupe chooni. Aziache pale zilipo, mbali na jiko, afukuze watoto, aite mukuu wa kartie ili watu wa kutegua mabomu wazifuate. Na amuulize mutoto, bila fimbo, aliziokota wapi. Pale penye risasi tatu panaweza kuwa na gruneti.