Riwaya za mahakamani hutuvuta kwa kuwa humo swali lazima lijibiwe

Juma lililopita nilipitia kwa muuzaji mmoja wa vitabu vya mitumba, wale wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara katikati ya jiji la Nairobi. Kwa kuwa tumezoeana, nilimuuliza ni vitabu gani vinavyomlisha. “Prof, ni zile za mahakama,” akajibu bila kusita. “John Grisham hakai hapa siku tatu. Hata jalada likiwa limeng’oka, watu wanabeba tu.”

Jibu lake limenikaa akilini tangu siku hiyo. Wanaovinunua vitabu hivyo si mawakili wala majaji. Ni makarani, walimu, wauguzi, na vijana wanaosubiri kazi. Wengi wao, nami nikiwamo, tukiletewa samansi leo tutakosa usingizi. Mahakama ya kweli twaikwepa, ya kitabuni twailipia. Kulikoni?

Jibu jepesi ni taharuki. Si kosa, ila halitoshi. Taharuki imo pia katika riwaya ya upelelezi, ambayo Kiswahili kinaijua vyema tangu Mohamed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Hata hivyo, riwaya za aina hizi mbili haziendeshwi na swali moja. Mpelelezi hutafuta ni nani aliyetenda. Katika riwaya ya mahakamani, mara nyingi msomaji analijua hilo mapema.

Chukua A Time to Kill, riwaya ya kwanza ya Grisham, iliyotoka mwaka 1989 kwa nakala 5,000 pekee. Carl Lee Hailey, baba Mweusi katika jimbo la Mississippi, Marekani, anawapiga risasi na kuwaua Wazungu wawili waliombaka bintiye wa miaka kumi. Anawaulia ndani ya jengo la mahakama, mchana. Hapana fumbo la muuaji hapo. Kilichobaki ni hiki: jamii itasema nini juu ya kitendo hicho, na ni nani atakayeaminiwa? Msomaji hafuati nyayo, anafuata maneno.

Hapo ndipo ninapoiona siri yenyewe. Katika maisha yetu ya kila siku, swali si lazima lijibiwe. Mwulize mwanasiasa redioni kuhusu fedha za umma, atakujibu kuhusu maendeleo. Mwulize mkubwa wako kazini kuhusu marupurupu yako, atakwambia mtaongea wiki ijayo. Mahakamani mambo ni tofauti. Mshtakiwa ana haki ya kunyamaza, lakini shahidi aliyekwisha kuapishwa hana mlango wa nyuma. Akianza kuzungukazunguka, jaji humkata kauli: jibu swali. Tajiri ataulizwa, polisi ataulizwa, daktari bingwa ataulizwa, nao watajibu mbele ya watu ilhali karani anaandika. Mtu aliyezoea kupuuzwa akisoma ukurasa kama huo, anapata kitu asichokipata kwingine.

Mfano bora ninaoujua umo katika To Kill a Mockingbird, riwaya ya Harper Lee iliyochapishwa mwaka 1960 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Wakili Atticus Finch anamtetea Tom Robinson, mwanamume Mweusi anayesingiziwa kwamba alimbaka Mayella Ewell, msichana Mzungu. Atticus hapayuki wala hapigi meza. Anamuuliza mkuu wa polisi ni upande gani wa uso wa msichana uliokuwa na majeraha. Upande wa kulia, anajibiwa. Kisha anamwomba Bob Ewell, baba ya msichana, aandike jina lake. Ewell anaandika kwa mkono wa kushoto. Baadaye Tom anasimama, na wote wanaona kwamba mkono wake wa kushoto umelemaa tangu utotoni aliponaswa na mashine ya kuchambulia pamba.

Angalia ufundi huo. Hakuna aliyeambiwa nani mwongo. Vitu vitatu vidogo, jeraha la kulia, kalamu mkononi na mkono usiofanya kazi, vimewekwa kando kwa kando, na msomaji mwenyewe ndiye anayeviunganisha. Wala asidhani ameshinda. Jopo la Wazungu 12 linamtia Tom hatiani. Msomaji aliyeuona ukweli kwa macho yake analazimika kusikia kinyume chake kikitangazwa kuwa ndio uamuzi. Kama hukuwahi kuielewa tofauti ya sheria na haki, hapo utaielewa.

Hili latuleta kwenye kivutio cha pili: msomaji naye amepewa kiti. Kwetu Kenya jopo la raia la namna hiyo halipo. Hata wazee wa baraza, waliokuwa wakimshauri jaji wa Mahakama Kuu, waliondolewa mwaka 2007. Kwa hiyo nafasi pekee ya Mkenya wa kawaida kuketi katika jopo ni kufungua kitabu. Waliotazama filamu ya A Time to Kill ya mwaka 1996 watamkumbuka wakili akiwaomba wanajopo wafumbe macho, wamwone yule mtoto, kisha wawaze kwamba ni Mzungu. Kitabuni, wazo hilo halitoki kwa wakili. Linatoka kwa mwanamke mmoja wa jopo lenyewe, faraghani, mawakili wakiwa nje. Kwangu mimi kitabu kimeishinda filamu hapo, kwa sababu neno lililogeuza kesi limetoka kwa mtu kama wewe na mimi.

Kivutio cha tatu ni mpangilio. Kesi ina mwanzo, zamu za kuzungumza, mwamuzi na tamati. Hata asiyejua sheria anajua kwamba siku moja hukumu itasomwa. Ni kama kabumbu: kanuni zinajulikana, matokeo hayajulikani.

Wanaoandika vitabu hivi aghalabu ni watu wa fani. Grisham alikuwa wakili katika mji mdogo. Scott Turow alikuwa kiongozi wa mashtaka jijini Chicago. Erle Stanley Gardner, aliyemwanzisha wakili Perry Mason mwaka 1933 na kumwandikia riwaya zaidi ya 80, naye alikuwa wakili. Watu hawa wanajua mahali palipo na makapi katika kesi, wakayapepeta. Wanajua kesi hutajwa, ikaahirishwa, faili ikapotea, shahidi akakosa nauli. Nasi twaletewa mchele mtupu.

Lakini upepetaji una hatari yake. Katika vitabu vya Gardner, mhalifu wa kweli huweza kubanwa kwa maswali hadi akakiri papo hapo mbele ya umati. Mwulize wakili yeyote wa hapa kwetu ameliona hilo mara ngapi, atacheka. Turow alikomaa zaidi. Katika Presumed Innocent (1987), msimulizi ni kiongozi wa mashtaka ambaye mwenyewe anashtakiwa kwa mauaji ya mwenzake kazini. Kesi inakwisha, na ukweli ungali nje ya mahakama. Riwaya nzuri ya mahakamani haitudanganyi kwamba kila kesi huufichua ukweli. Hutuonyesha ni maneno ya nani yaliyopata nguvu, na kwa nini.

Wapo watakaosema, aah, hayo ni mambo ya Wamarekani. La hasha! Kumbuka Abunuwasi. Maskini anakula chakula chake kikavu akikisindikiza kwa harufu ya nyama ya tajiri. Tajiri anamshtaki, anadai alipwe. Abunuwasi anazigonganisha sarafu, tajiri anazisikia, na hapo deni limekwisha: harufu imelipwa kwa sauti. Watoto wa pwani walikuwa wakiichekea hoja hiyo zamani sana kabla Perry Mason hajazaliwa.

Isitoshe, mojawapo ya kazi kuu za nathari ya Kiswahili ni kesi kutoka mwanzo hadi mwisho. Nazungumzia Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Karama anasimamishwa mbele ya mfalme, mshtaki wake akiwa Waziri Majivuno. Kosa lake? Kuwafundisha watu elimu ya sheria. Anajitetea kwa siku kadhaa, akisimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, wakarudi na mawazo mema, wakatupwa gerezani. Shuleni tumezoea kuisoma kama istiara ya ukoloni, na ndivyo ilivyo. Ila ni nadra kuuliza kwa nini mwandishi alichagua baraza la hukumu na si sokoni au vitani. Nadhani ni kwa sababu hapo tu ndipo mfalme analazimika kukaa kimya mpaka mtu mdogo amalize kusema.

Lugha yetu yenyewe inalijua hili. Kwa Kiswahili kesi haiendeshwi tu, bali husikilizwa. Hakimu, hukumu na mahakama ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, na katika ukoo huohuo limo neno hekima. Nalo neno kizimba, anamosimama mshtakiwa, ndilo hilohilo tunalolitumia kwa kibanda cha kuku. Mtu amefungiwa kama kuku, na wenye hekima wanatakiwa wamsikilize. Drama yote imo katika msamiati.

Niruhusu, msomaji, nisimulie kisa changu. Katikati ya miaka ya 1970, nikiwa kidato cha pili, niliandamana na mjomba wangu katika mahakama moja nisiyoitaja. Jirani alikuwa amemshtaki kuhusu mpaka wa shamba. Hakimu alitumia Kiingereza, mjomba akatumia lugha ya mama, na katikati akasimama mkalimani. Mjomba alizungumza kwa muda mrefu. Alieleza habari za mti wa mpakani, nani aliupanda, nani aliukata, na ni mafuriko ya mwaka gani yaliyofukia alama. Alipomaliza, mkalimani alimgeukia hakimu, akasema kwa Kiingereza sentensi moja: anasema shamba ni lake.

Mjomba hakujua Kiingereza, lakini alijua kuhesabu. Tulipotoka nje aliniuliza, “Mpwa wangu, wewe unayesoma, hebu nieleze. Mbona mimi nilisema mengi na yule akasema machache?” Sikuwa na jibu. Kesi alishindwa. Pengine angeshindwa hata kama kila neno lake lingefika. Jirani alikuwa na karatasi, yeye alikuwa na mti uliokatwa. Miaka mingi baadaye aliniambia, “Kushindwa nilikubali. Lakini hawakunisikiliza.”

Nilipokuja kumsoma Harper Lee chuoni, niliielewa kiu yangu. Tom Robinson alishindwa vilevile, tena kwa dhuluma kubwa zaidi. Ila mwandishi alimwacha aseme yote, kwa sauti yake, na mamilioni ya watu wamemsikiliza. Riwaya haikuweza kumwokoa. Ilimpa kile ambacho mjomba alinyimwa.

Mambo yamebadilika kidogo. Katiba ya mwaka 2010 inakiita Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Sheria inaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini. Hata hivyo, katika Mahakama Kuu Kiingereza kingali ndicho lugha iliyowekwa na sheria. Kesi ya urais ya mwaka 2017, ambayo uamuzi wake wa Septemba 1 ulifuta uchaguzi, ilipeperushwa moja kwa moja, nasi tukaganda mbele ya runinga kama watu wanaosoma Grisham. Lakini ilisemwa kwa Kiingereza. Wangapi waliambulia ile sentensi moja ya mkalimani?

Basi nawageukia waandishi wetu. Wapelelezi tunao wengi. Mawakili, mashahidi na wakalimani katika riwaya ya Kiswahili ni wachache mno, ilhali milango ya mahakama zetu i wazi kwa umma na kuingia ni bure. Nendeni mkaketi kwenye benchi la nyuma asubuhi moja. Sikilizeni jinsi shahidi anavyotafuta neno, jinsi wakili anavyolinyakua, jinsi linavyogeuka likiandikwa. Msikimbilie kumfanya wakili shujaa. Anzeni na yule anayesema mengi na kutafsiriwa machache.

Siku mkimaliza kuiandika riwaya hiyo, nitampelekea nakala rafiki yangu wa vitabu vya mitumba. Tuone kama itakaa pale siku tatu.