Daftari la Chama na Lugha za Simu

Hadithi! Hadithi njoo. Basi sogeeni karibu, wajukuu zangu. Hizo simu msizizime, maana hadithi ya leo inazihusu.

Tuseme hapa kwetu Lucky Summer, kwenye ploti moja upande wa kuelekea Korogocho, kuna kina mama kumi na wawili wenye chama. Mmoja anauza sukuma wiki, mwingine mitumba, mwingine anapika chapati alfajiri kabla watu wa viwanda vya Baba Dogo hawajapita. Kila Jumapili alasiri wanakutana, kila mmoja anatoa shilingi 200, na zile 2,400 zote anapewa mmoja wao, zamu kwa zamu. Anayechelewa anapigwa faini ya shilingi 20.

Mweka hazina ana daftari. Jalada lake limeshikwa na selotepu, na ndani amepiga mistari kwa rula ikatokea safu nne: jina, tarehe, mchango, faini. Aliyelipa anawekewa tiki nyekundu. Ni daftari zuri, na msidhani ni kitu kidogo: kuna watoto waliolipiwa karo na daftari hilo. Lakini siku moja paa likavuja, wino ukatanda, na tiki za mwezi mzima zikageuka madoa. Kina mama wakakubaliana: daftari letu liingie kwenye simu.

Kumbe simu zenyewe hazisemi lugha moja. Wengi wao wana Android. Mmoja ana iPhone aliyoachiwa na bintiye. Watatu wana kabambe, zile za vitufe na tochi. Programu za Android ziliandikwa kwa lugha ya Java kwa miaka mingi, na za iPhone zilianza na Objective-C, siku hizi ni Swift. Ukiandika programu ya Android, iPhone haielewi hata neno. Kwa hiyo fundi wa programu waliyemwita akaandika mara mbili, akalipwa mara mbili. Kisha chama kikapandisha faini kutoka 20 hadi 50. Fundi akarekebisha huku, kule akasahau. Jumapili iliyofuata kina mama wawili wakasimama uso kwa uso, kila mmoja ameinua simu yake, ya huyu inasema 20, ya huyu inasema 50. Na kila mmoja anaiamini yake.

Kenya iliwahi kulikwepa shimo hili. Machi 2007, Safaricom ilipoanzisha M-Pesa, mikononi mwa watu kulikuwa na simu za kila aina, nyingi zikiwa za vitufe tu. Mafundi hawakuandikia kila simu programu yake. Menyu ya kutuma na kutoa pesa waliiweka ndani ya laini yenyewe. Ukiitia laini kwenye simu yako, menyu inakuja nayo, simu iwe ya bei yoyote. Mimi naona hiyo ilikuwa akili kubwa sana. Ila laini ina nafasi ndogo: inatosha orodha fupi, nambari na siri yako, si daftari lenye historia ya watu kumi na wawili.

Basi iko njia nyingine, na hii nitawaeleza kwa kazi yangu mwenyewe ya utambaji. Mnajua hadithi ya Sungura anavyomdanganya Fisi. Bibi Mkamba anaisimulia kwa Kikamba, bibi Mjaluo kwa Kijaluo, mimi kwa Kiswahili. Nyama inabadilika, mifupa ni ile ile: kuna njaa, kuna ahadi, kuna hila, kuna aibu ya Fisi. Mwenye mifupa anaweza kuisimulia kwa lugha yoyote anayoijua. Watu wa kompyuta, mifupa hiyo ya kazi wanaiita modeli. Modeli ya chama chetu ingekuwa hivi:

Mwanachama ana jina na nambari ya simu.
Mchango una mwanachama, tarehe na kiasi.
Kiasi kisipungue 200.
Mchango ukiingia baada ya Jumapili, ongeza faini ya 50.
Skrini ya kwanza ni orodha ya wanachama. Ukigusa jina, unaona michango yake.

Tafuteni neno Android humo. Halimo. iPhone pia haimo. Kilichomo ni kazi yenyewe. Halafu inakuja programu nyingine, tuiite kizalishi, inaisoma modeli hii na kuandika yenyewe programu ya Android, kisha ya iPhone. Faini ikipanda, unabadilisha mstari mmoja, kizalishi kinaandika upya kote.

Kwenye Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, watafiti Henning Heitkötter, Tim Majchrzak na Herbert Kuchen walitengeneza mfumo wa namna hiyo wakauita MD2, wakauchapisha mwaka 2013. Modeli yake ina sehemu tatu: data, sura ya skrini, na kinachotokea mtu akigusa. Haikukusudiwa michezo. Ni ya programu za kazi, zenye fomu, orodha na hesabu.

Na jamaa yake wa karibu alishafika kwetu mapema zaidi. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle walianzisha ODK, mradi wa kukusanya habari kwa fomu za simu, na miongoni mwa walioanza kuutumia ni mpango wa afya wa AMPATH wa Eldoret, ambao wahudumu wake walikuwa wakienda nyumba hadi nyumba kupima watu virusi vya Ukimwi. Leo fomu ya ODK inaandikwa kama jedwali: kila swali na mstari wake, aina ya jibu, na sharti, kwamba akijibu hapana, ruka. Jedwali hilo hilo linafunguka kwenye Android na kwenye kivinjari cha kompyuta. Muuguzi anayejua kujaza jedwali anaweza kulitengeneza bila kumngoja fundi.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Wapo mafundi wanaoandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, mara moja kwa zana kama Flutter au React Native, ukaenda kwenye simu za aina zote mbili, na ni njia nzuri. Lakini huo bado ni msimbo, mweka hazina hawezi kuusoma. Modeli anaisoma, anaweka kidole kwenye mstari wa nne na kusema, "Hapana, mgonjwa hatozwi faini."

Msidhani kizalishi ni mganga. Kinajua yale tu waliyokifundisha waliokitengeneza. Ukitaka kitu ambacho hawakukiwazia, unarudi kwenye msimbo. Na modeli ikiwa na kosa, kosa linaingia simu zote siku moja. Wale watatu wa kabambe nao sijawasahau: mpaka kizalishi kifundishwe pia menyu za vitufe na ujumbe mfupi, wao watabaki nje ya daftari lao wenyewe, na chama kinachoacha watu watatu nje hakijamaliza kazi.

Jumapili hii, wajukuu, mwombeni mama au shangazi awaonyeshe daftari la chama chake. Andikeni kwenye karatasi kila kitu linachokumbuka na kila kanuni linayoifuata, kisha msomeeni. Atakapowasahihisha, andikeni upya.