Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi: Nani Humpeleka Mwanafunzi?

Tanzania Bara ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, na tangu mwanzo vilikusudiwa kwa mtu ambaye mfumo wa shule ulikwisha kumwacha nyuma: mtu mzima aliyejifunza kusoma ukubwani, au kijana aliyemaliza darasa la saba na kubaki kijijini kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Vyuo hivi, ambavyo leo ni 54, vimebadilika mara kadhaa, na mabadiliko hayo hueleweka vizuri zaidi kwa kuuliza ni nani aliyempeleka mwanafunzi chuoni, na alimtarajia arudi na nini.

Wazo lenyewe lilitoka Skandinavia. Mchungaji wa Denmark, N. F. S. Grundtvig, alishikilia kwamba wakulima walistahili shule ya bweni isiyotawaliwa na mitihani, ambamo watu wazima wangeishi pamoja na kujadili historia, lugha na mambo ya nchi yao, na shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Sweden ikafuata mwaka 1868. Mwalimu Julius Nyerere alivutiwa na shule hizo, Sweden ikakubali kugharimia mpango wa Tanzania, na wakati wenyewe ulikuwa mwafaka. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo, yaliyojulikana zaidi kwa jina la ngumbaru, yakaenea nchi nzima, hata mtihani wa kitaifa wa 1975 ulipoonyesha kuwa wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39. Mamilioni ya watu walikuwa wamejua kusoma, lakini bila mahali pa kuutumia ujuzi huo wangeusahau, na vyuo vilikuwa sehemu ya jawabu.

Serikali haikuanza kwa kujenga upya. Vyuo vingi viliwekwa katika majengo ya vituo vya zamani vya kufundishia wakulima, kama ilivyokuwa Kibaha, ambako kituo cha wakulima kilikuwa sehemu ya mradi wa nchi za Nordiki uliokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Dar es Salaam, Chuo cha Arnautoglu kimerithi jengo la Mnazi Mmoja lililojengwa kwa mchango wa mfanyabiashara George Arnautoglu, na ni katika ukumbi wa jengo hilo, tarehe 17 Aprili 1953, Nyerere alipochaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, kilichogeuzwa mwaka uliofuata kuwa TANU, chama kilichopigania uhuru. Ni vigumu kufikiria jengo lililostahili zaidi kuwa la elimu ya umma.

Katika miaka ya mwanzo, aliyempeleka mwanafunzi alikuwa kijiji. Mwaka huohuo wa 1975 ilitungwa sheria iliyokipa kila kijiji kilichoandikishwa serikali yake, yenye halmashauri na kamati zake, na ghafla maelfu ya vijiji vikahitaji watu wa kutunza daftari la duka la ushirika, kusimamia ujenzi wa zahanati na kutengeneza madawati. Serikali ya kijiji ilimteua mtu wake kwa hitaji lililokuwapo, naye akaenda kusoma useremala, uashi, kilimo, upishi na ushonaji au utunzaji wa hesabu, pamoja na siasa na utamaduni, huku akilima shamba la chuo kwa kufuata falsafa ya Elimu ya Kujitegemea. Hakuahidiwa ajira wala cheti cha kumpandisha daraja. Chuo kilipimwa kwa kazi iliyoonekana kijijini baada ya yeye kurudi, na kipimo hicho, pamoja na udhaifu wake wote, kilikuwa cha haki kuliko vingi vilivyokuja baadaye.

Udhaifu wenyewe ulikuwa kwamba kila kitu kilitegemea uhai wa kijiji cha ujamaa, yaani kijiji kilichokusudiwa kuzalisha mali kwa pamoja. Vita vya Kagera dhidi ya Uganda, bei ya mafuta na kuporomoka kwa uchumi viliidhoofisha hazina ya taifa, na baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 huduma za jamii zilianza kuchangiwa na wananchi. Vyuo vikahamishiwa wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, majengo yakachakaa, karakana zikakosa zana, na kijiji kisichokuwa na fedha kikaacha kuteua mtu. Nafasi yake ilichukuliwa na mzazi mwenye karo, na mzazi, kwa haki kabisa, alitaka mtoto wake apate cheti kinachotambulika kwa mwajiri. Ndiyo maana vyuo vingi viliingiza mitalaa ya VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, na hatimaye katika muongo wa 2010 vikarudishwa chini ya wizara ya elimu.

Mabadiliko ya karibuni zaidi yameletwa na wasichana. Kanuni za 2002 ziliruhusu mwanafunzi aliyepata ujauzito afukuzwe shule, na hadi serikali ilipotangaza mwezi Novemba 2021 kwamba wasichana hao wanaweza kurudi, wengi walikuwa wamekosa elimu kwa kosa ambalo mara nyingi halikuwa lao. Kwa mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, unaosimamiwa na shirika lisilo la kiserikali la KTO, vyuo vimewafungulia milango pamoja na watoto wao: mama anapokuwa darasani au kwenye cherehani, mtoto hulelewa katika kituo kilichomo ndani ya eneo la chuo. Anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, unaompa mtu aliyekatiza masomo sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, huku akijifunza ufundi wa kumwingizia kipato. Wengi wa kina mama hawa hawakuteuliwa na kijiji wala kulipiwa karo na mzazi. Wamekuja kwa uamuzi wao wenyewe.