Fahamu: Kwa nini bei iitwe Shilingi, si Namba

Tangu Machi 2025, kanuni za Tanzania zinakataza bei za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni. Arusha, kitovu cha utalii, waandishi wa programu za hoteli wanaguswa moja kwa moja.

Katika Haskell, lugha ya programu ya kifunksheni iliyotoka 1990, ukiita kila bei Namba, dola 50 zitajumlishwa na shilingi 50 bila kelele. Tangaza aina mbili, Shilingi na Dola, na kompaila, yaani mtafsiri wa msimbo, itagoma kabla programu haijaendeshwa.

Kompaila haijali jina, hata ungeziita Ndizi na Embe. Jina ni la msomaji. Kwa hiyo Fedha halitoshi: fedha ipi? BeiKablaYaKodi ni refu, lakini linapunguza ugomvi na mhasibu.

Mchanganyiko wa aina hii hugharimu: mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa kuchanganya mifumo miwili ya vipimo.