Gesi Haiishi: Istilahi za Ufundi wa Viyoyozi

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, viyoyozi vimezidi kuonekana katika nyumba na ofisi za mkoa huo, hata katika miji ya wilaya kama Mpwapwa. Pamoja na mashine hizo zimekuja karatasi zake: miongozo ya matengenezo, mikataba ya ufundi, na masomo ya vyuo vya ufundi stadi. Nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha humwangukia mfasiri. Makala haya yanahusu maneno machache tu miongoni mwa yale yanayomkabili, lakini ni maneno ambayo yakikosewa huweza kumtia fundi hatarini, au kuitia ofisi hasara ya kila mwaka.

Tuanze na usemi unaosikika zaidi. Kiyoyozi kikiacha kupoza, mwenye nyumba husema, "Gesi imeisha." Usemi huu umefuata mfano wa mafuta ya taa katika kibatari: hutumika, hupungua, huongezwa. Lakini ndani ya kiyoyozi hakuna kinachotumika kwa namna hiyo. Dutu iliyomo huzunguka katika mabomba yaliyofungwa pande zote. Katika koili ya ndani huchemka na kuwa gesi, na katika kuchemka huko hulichukua joto la chumba. Kompresa huishindilia na kuisukuma hadi koili ya nje, ambako hulitoa joto lile na kurudi kuwa kimiminika. Kisha hupita katika njia nyembamba, kanieneo yake hushuka, na safari huanza upya. Mfumo ukiwa mzima, dutu ile ile huweza kuzunguka kwa miaka mingi bila kuongezwa hata gramu moja. Ikipungua, imevuja.

Gharama ya usemi huu huonekana katika mikataba. Mtumishi anayeweka kifungu cha "kujaza gesi kila mwaka" amekubali, pasipo kujua, kulipia mvujo usiozibwa. Yafaa kifungu hicho kisomeke hivi: "kutafuta mvujo, kuuziba, kuupima mfumo, kisha kujaza kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine." Maneno yameongezeka, ni kweli, ila kila neno lina kazi inayoweza kukaguliwa kabla ya malipo.

Neno "gesi" lenyewe lina nusu ya ukweli, kwa kuwa dutu hii huwa gesi upande mmoja wa mzunguko na kimiminika upande wa pili. Tena, kwa watu wengi gesi ni ile ya mtungi wa jikoni. Hapo pana hatari hasa, maana aina iitwayo R-290 ni propani, na gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Atakayesikia kwamba gesi ni gesi anaweza kushawishika kuutumia mtungi wa jikoni katika mashine isiyoundwa kwa ajili hiyo. R-22 haiwaki katika hali ya kawaida. R-32 huwaka kwa shida. R-290 huwaka upesi. Kwa sababu hiyo tunaihesabu namba kuwa sehemu ya jina, na mfasiri asiiache hata mara moja.

Kwa vitabu tunapendekeza "kipozeo", kutokana na kupozea, yaani kitu ambacho mashine hupozea. "Kipozaji" tumelikataa kwa kuwa huashiria mtenda, na mtenda hapa ni mashine nzima. Mfasiri ajihadhari pia na irabu moja ya ziada: kupoza ni kufanya kitu kiwe baridi, na kupooza, kwa wasomaji wengi, ni maradhi.

Neno lenye madhara makubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni "kutoa". Mwongozo wa Kiingereza ukiagiza kwamba kipozeo kivutwe na kuhifadhiwa kabla ya bomba kukatwa, mfasiri mwenye haraka huandika "toa gesi kwenye mfumo." Fundi huisoma amri hiyo kama ilivyo, hufungua vali, na gesi yote huenda hewani. Hakukaidi; ametii alichoandikiwa. Kilo moja ya R-410A iliyoachiwa hivyo hupasha dunia joto, kwa kipimo cha miaka 100, sawa na kilo zipatazo 2,000 za kaboni dayoksaidi. R-22 huharibu pia tabaka la ozoni, na ndiyo maana imo katika dutu zinazoondolewa kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yaliongeza dutu za kundi la R-32 na R-410A katika orodha ya zitakazopunguzwa. Tena vipozeo hivi ni vizito kuliko hewa. Vikimwagika katika chumba kilichofungwa hutanda chini na kuisukuma hewa, na aliyeinama sakafuni akifanya kazi huweza kukosa pumzi. Kimiminika chake kikigusa ngozi huigandisha, kwani R-22 huchemka kwenye nyuzi 41 hivi chini ya sifuri. Na moto wa kuchomelea ukikutana na mabaki yake bombani huzaa gesi za sumu.

Kwa tendo hili tunapendekeza "kukinga", likifuatwa daima na chombo: kukinga kipozeo mtungini. Wakazi wa nyanda kavu za kati hawahitaji kufundishwa maana yake. Ndilo neno la maji ya mvua yanayotiririka batini. Kinyume chake kiwe "kuachia hewani". Najulikane hivyo hivyo, bila kufunikwa na "kutoa".

"Kondensa" nalo lina mtego. Vitabu vya zamani vya umeme vya Kiingereza vililitumia neno hilo kwa kifaa kinachohifadhi chaji, na katika kiyoyozi vitu vyote viwili vimo. Kile cha umeme huweza kubaki na chaji hata baada ya swichi kuzimwa, na humpiga anayekigusa. Basi hicho kiitwe "kapasita" tu. Kwa sehemu za mzunguko, "koili ya ndani" na "koili ya nje" yanatosha, na yana faida nyingine. Mashine iitwayo pampu ya joto huweza kugeuza mzunguko na kupasha chumba moto usiku wa Julai; hapo koili hubadilishana kazi, lakini mahali pake hapabadiliki. Jina la mahali hubaki kweli majira yote.

Kuhusu majaribio ya mvujo tuseme moja tu: mwongozo utaje "naitrojeni kavu" kwa jina. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya kanieneo kubwa huweza kulipuka.

Limebaki neno "kanieneo", ambalo mafundi huliita presha, wakati mgonjwa akisikia presha hufikiri moyo wake. Hapa Mpwapwa inatupa mfano mzuri. Kabla ya kujaza, fundi hutumia pampu kuondoa hewa na unyevu hadi mfumo ubaki ombwe. Geji ya kawaida huhesabu sifuri yake kutoka kwenye hewa inayoizunguka. Pwani hewa hiyo ina kilopaskali 101 hivi. Mpwapwa, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,000, ina kama 90. Mwongozo unaosema "endelea hadi geji isome 101 chini ya sifuri" utamweka fundi wa Mpwapwa hadi jioni, naye ataitupia pampu lawama. Mfasiri atenganishe "kanieneo ya geji" na "kanieneo halisi", ambayo huhesabiwa kutoka ombwe kamili, na kwa kazi hii aandike ya pili. Mikroni 500, kipimo kinachotajwa mara nyingi, ni kiasi cha paskali 67 halisi, na ni zile zile Tanga na Mpwapwa.