Jiko Ndani ya Gari: Hesabu ya Joto na Baridi katika Uwanda wa Kati

Barabara itokayo Iringa na kupitia Dodoma, Kondoa na Babati hadi Arusha ni sehemu ya ile njia ndefu iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Kwa miaka mingi kipande cha Dodoma hadi Babati kilikuwa cha vumbi na makorongo. Lami yake ilizinduliwa mwaka 2018. Katika njia hiyo hupita magari ya namna ya pekee. Yapo malori makubwa ya watalii ambayo ubavuni mwake mna makabati ya vyombo na majiko. Yapo magari madogo yenye hema juu ya paa na jokofu nyuma ya viti. Na yapo magari ya wataalamu wa miamba, ambao wana desturi ya kuishi porini kwa majuma kadhaa. Idara ya Jiolojia, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilikuwa na makao yake makuu mjini Dodoma, na taasisi iliyoirithi ingalipo hapo hata leo.

Watu wote hao wana swali moja. Je, ni vyombo gani vya jikoni vinavyofaa kuwekwa katika gari ambalo litakaa mbali na nguzo za umeme? Siku hizi maduka yamejaa majibu: jokofu la volti 12, jiko la induksheni, jiko la presha la umeme, maikrowevu, birika la umeme. Muuzaji husifu rangi na ujazo wa chombo. Jambo analolisahau ndilo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba ndani ya gari kupasha joto ni ghali, na kupoza ni rahisi. Aliyezoea umeme wa nyumbani hudhani kinyume chake, kwa kuwa jokofu hulia usiku kucha na birika huchemsha kwa dakika chache tu.

Msomaji na achukue kalamu. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 ina nishati ya wati-saa 1,200, maana volti huzidishwa kwa ampea-saa. Lakini ikiwa ni betri ya risasi na asidi, mwenye busara hatumii zaidi ya nusu, kwani betri inayokaushwa mara kwa mara hufa upesi. Zabaki wati-saa 600. Sasa lita 2 za maji ya chai, zilizo kwenye nyuzi 25 za sentigredi, zichemshwe mpaka nyuzi 96. Kila kilo ya maji huhitaji kilojouli 4.2 hivi ili kupanda nyuzi moja. Jumla yake ni karibu kilojouli 600, ambazo ni sawa na wati-saa 165, kabla ya kuhesabu joto linalopotea kandokando ya sufuria na ndani ya inveta. Zaidi ya robo ya akiba imekwisha, na waliokula bado hawajala. Wamekunywa chai tu.

Upande wa pili uko mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, ule unaouzwa katika kila mji wa Tanzania. Kilo moja ya gesi hiyo hutoa megajouli 46 hivi inapoungua. Mtungi mzima una kilowati-saa 76. Hata kama nusu ya joto itapotea hewani, kama ilivyo kawaida ya majiko, zinazobaki ni sawa na betri 60 na zaidi za namna ile, kila moja ikitumiwa nusu. Hakuna gari dogo liwezalo kubeba betri 60. Hii ndiyo sababu majiko ya magari ya safari, pamoja na maendeleo yote ya sola, yameendelea kutumia gesi.

Mwanafunzi mwangalifu atakuwa ameuliza kwa nini maji yalichemka kwenye nyuzi 96 na si 100. Mji wa Dodoma uko meta 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapo ni kama asilimia 87 tu ya ule wa Dar es Salaam, na maji yanayobanwa kidogo huchemka mapema. Jambo hili si la kitabuni tu. Maharage yaivayo Tanga kwa muda fulani hudai muda mrefu zaidi Dodoma, kwa sababu maji yanayotokota hayazidi nyuzi 96 na kitu, hata moto uongezwe namna gani. Kuongeza moto kunaongeza mvuke, hakuongezi joto la maji.

Na mvuke ni mwizi mkubwa. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula kilojouli 2,260 hivi, ilhali kuipandisha lita hiyo hiyo kutoka nyuzi 25 hadi 96 kulihitaji kilojouli 300 tu. Sufuria ya maharage iliyoachwa wazi, ikapoteza lita moja na kuongezwa maji mara mbili au tatu, imetumia nishati nyingi kuipasha hewa ya Ugogo kuliko kuyaivisha maharage. Darasa lenye mizani na kipimajoto laweza kulithibitisha hili kwa kipindi kimoja: sufuria mbili zilizo sawa, moja yenye mfuniko na nyingine isiyo nao, zichemshwe kwa nusu saa juu ya moto uliopunguzwa sawasawa, kisha zipimwe uzito.

Kutokana na mambo hayo mawili, yaani mwinuko na mvuke, chombo cha kwanza kinachostahili kununuliwa kwa ajili ya gari la safari ni sufuria ya presha. Mfuniko wake huzuia mvuke usitoke hadi mgandamizo wa ndani upande, na maji hufika kati ya nyuzi 112 na 118 bila kutokota ovyo. Maharage makavu, njugu mawe na nyama ya mbuzi mzee huiva kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Iko ya kuwekwa juu ya jiko la gesi, na iko ya umeme yenye kihami joto kuzunguka chungu chake cha ndani. Hii ya umeme ndiyo pekee, miongoni mwa vyombo vya umeme vya kupikia, iwezayo kutetewa ndani ya gari lenye paneli za sola za kutosha, kwani ikishapata joto hunyamaza na kuwaka kwa vipindi tu. Lakini inapowaka huvuta wati 700 hadi 1,000, na kutoka betri ya volti 12 wati 1,000 ni zaidi ya ampea 80. Waya mwembamba wa taa za gari ukibebeshwa mzigo huo utayeyuka. Nyaya ziwe nene, fupi, na ziwe na fyuzi karibu na betri.

Maikrowevu na birika la umeme yaachwe nyumbani. Jiko la induksheni ni zuri kwa mtu mwenye umeme, lakini linadai sufuria yenye kitako bapa kinachoshikwa na sumaku. Sufuria za alumini, zilizojaa katika masoko ya Majengo na kwingineko, hazishikwi na sumaku, na juu ya jiko hilo zitakaa baridi mchana kutwa. Mnunuzi aende dukani na kipande cha sumaku mfukoni.

Sasa tena habari ya baridi. Jokofu halitengenezi baridi. Huhamisha joto kutoka ndani na kulitupa nje, na kuhamisha ni kazi nyepesi kuliko kutengeneza. Jokofu dogo la kompresa, la lita 40 au 50, huvuta wati 45 hivi linapofanya kazi, nalo hufanya kazi kwa vipindi. Katika joto la Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijanyesha, litatumia labda wati-saa 400 hadi 500 kwa siku nzima. Paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa, katika jua la Dodoma, yaweza kurudisha wati-saa 700 kwa siku hata baada ya kutoa upotevu. Jua lile lile linalokausha nyasi ndilo linalogandisha maziwa.

Iko aina nyingine ya jokofu isiyo na kompresa wala kitu chochote kinachozunguka. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa uhandisi mjini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni jokofu linaloendeshwa na joto peke yake: amonia huchemshwa itoke majini, hupoa, huvukiza na kuleta baridi, kisha hufyonzwa tena na maji. Majokofu ya namna hiyo, yakiwaka kwa mafuta ya taa, ndiyo yaliyohifadhi chanjo katika zahanati nyingi za vijijini kabla ya sola, na muuguzi alilazimika kukata utambi na kufuta masizi ili joto la ndani libaki kati ya nyuzi 2 na 8. Heshima yake ni kubwa. Hata hivyo, kwa gari hayafai sana. Hutaka kusimama wima sawasawa, kwani vimiminika vyake husukumwa na uzito wao wenyewe, na gari lililoegeshwa kwenye mteremko wa Chenene haliko sawasawa. Tena yakiendeshwa kwa betri hula umeme mara kadhaa zaidi ya yale ya kompresa.

Lolote litakalochaguliwa, betri ya jokofu isiwe ndiyo betri ya kuwashia injini. Ziwe mbili, na katikati yake kiwepo kifaa cha kuzitenga injini inapozimwa. Wapo waliolala na maziwa baridi, wakaamka na gari lisilowaka, kilometa 40 kutoka kijiji cha karibu.

Ni kweli kwamba msafiri wa Kitanzania asiye na fedha za vyombo hivi ana jiko lake la mkaa, na hakuna wa kumlaumu. Lakini hapa pana hatari ambayo lazima itajwe bila kuzungukazunguka. Mwezi Juni na Julai usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 hivi, na mtu aliyelala garini hushawishika kuingiza jiko lenye makaa yaliyobaki ili apate joto. Makaa yanayoungua kwa hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Huishika himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikose nafasi ya kubeba oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi. Na mwenye usingizi hulala. Makaa yaliyofifia na kufunikwa majivu bado huitoa. Jiko la mkaa halina mahali ndani ya gari, liwe limefunguliwa dirisha moja au mawili. Jiko la gesi nalo lisitumiwe kama kipasha joto cha kulalia.

Kuhusu kuni, anayekwenda Kolo kutazama michoro ya miambani, kiasi cha kilometa 180 kaskazini ya Dodoma, atapita katika nchi iliyoliwa na makorongo mekundu. Huko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika ili miti na nyasi zirudi. Miti inayoonekana leo kando ya njia ina historia ya gharama kubwa kwa wenyeji waliohamisha ng'ombe wao. Mgeni aliyekuja na gari la mamilioni ya shilingi hana sababu ya kuikata.

Basi mtungi wa gesi ubebwe, lakini ubebwe kwa akili. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kati ya mara moja na nusu na mara mbili. Ikivuja haipandi ikatoka dirishani. Hushuka na kutuama sakafuni kama maji, ikingoja cheche. Kabati la mtungi lifunguliwe kwa nje ya gari, na chini yake pawe na tundu la kuitolea. Mtungi usimame wima na kufungwa kwa mkanda, uzibwe gari linapotembea, na viungo vya mpira na regulata vipakwe povu la sabuni baada ya kila mwendo wa barabara mbaya. Panapovuja patatoa mapovu.

Limebaki suala la ugali, ambalo watengenezaji wa vyombo hivi hawakulifikiria hata kidogo. Ugali wa mtama au uwele husongwa kwa nguvu za mabega, na chungu cha jiko la presha la umeme, kwa kuwa hakikufungwa, huzunguka pamoja na mwiko. Jiko la gesi lililo juu ya kabati la gari huyumba na sufuria huteleza. Wapishi wa malori ya safari hulishusha jiko chini, mahali pasipo upepo. Jiko la kuchagua kwa kazi hiyo ni la chuma, fupi, lenye miguu mipana na kichomeo kimoja kikubwa, na sufuria ishikwe kwa chuma cha kushikia, mtu mmoja akishika na mwingine akisonga.