Tulizoeze Tumbo Polepole

Mtoto anayekaa siku tatu bila kwenda choo hasomi vizuri. Sisi walimu tunamwona: anajikunja kwenye benchi, anashika tumbo, hataki kucheza. Mama mwenye mimba naye anateseka hivyo hivyo, lakini anaona haya kusema.

Mara nyingi kinachokosekana katika sahani ni nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mimea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Hizo hushika maji na kulainisha choo. Nyama, samaki, mayai na maziwa hazina. Mkate mweupe unazo kidogo. Zimejaa katika maharagi, sombe, lengalenga, viazi vitamu, avoka, mapera na unga wa mahindi usiochekechwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharagi yaliyopikwa hutoa karibu nusu yake.

Shida ni haraka. Ukipakua maharagi mengi kwa mara moja, tumbo linajaa hewa, watoto wanalalamika, na jamaa yote inayaacha. Tumbo linahitaji siku za kuzoea. Basi tufanye hivi:

1. Juma la kwanza, ongeza kitu kimoja tu: vijiko viwili vya maharagi kwa kila mtu, au nusu ya avoka.
2. Juma la pili, ongeza mboga za majani. Juma la tatu, tunda moja kila siku.
3. Loweka maharagi usiku kucha, mwaga maji yale, pika katika maji mapya mpaka yalainike kabisa.
4. Kunyweni maji yaliyochemshwa mara nyingi kwa siku. Nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukaza choo zaidi.
5. Tumbo likivimba, punguza kidogo, lakini usiache.

Mtoto chini ya miezi 6 anyonye tu. Akianza kula, mpondee maharagi, umpe kidogo kidogo.

Mama mwenye mimba, vidonge vya kuongeza damu vinaweza kukaza choo. Usiviache, mwambie muuguzi.

Ukiona damu katika choo, kutapika, maumivu makali au mtu anakonda, nendeni kituo cha afya bila kungoja.

Kwenye mkutano wa kikundi, kila mama aseme juma hili ataanza na nini.